Kinywaji cha Kigongoni

Mbari ya Mangi, yenye mashamba yake nyuma ya mji wa Kilifi, ilikuwa na kanuni moja ya ardhi ambayo haikupata kuandikwa popote, na pengine ndiyo sababu iliheshimiwa. Kikao cha kuamua shamba hufanyika juu ya shamba lenyewe, na hufunguliwa kwa kinywaji kilichotoka katika shamba hilo hilo. Tone la kwanza humwagwa chini kwa ajili ya koma, yaani wale waliotangulia. Funda la kwanza hunywewa na mwenye kudai, ili watu waone kwamba hakikutiwa sumu. Ndipo maneno huanza. Shamba lisiloweza kutoa kinywaji cha kufungulia kikao chake huhesabiwa kuwa halina wa kulisemea, na mkubwa wa mbari hulitumia apendavyo.

Kwa muda mrefu kanuni hii haikumsumbua mtu, kwa kuwa kila shamba lilikuwa na minazi, na penye mnazi hapakosi uchi, yaani tembo la mnazi, wa kujaza kibuyu. Palipokosekana ni mahali pamoja tu, napo ni Kigongo.

Kigongo kilikuwa ekari nne za mawe ya matumbawe yaliyoinuka ghafla kutoka katika udongo mwekundu, kana kwamba bahari ilikuwa imeyasahau hapo ilipoondoka. Mnazi ukipandwa juu yake ulikufa kwa kiu, na muhindi ulikufa kabla haujafikia umri wa kuona kiu. Kiponda alipewa hicho na baba yake, kwa sababu kitinda mimba hupewa kilichobaki. Kiponda hakulalamika. Alikuwa mgema, na riziki ya mgema iko juu. Kila siku alipanda minazi kumi na minane ya watu, asubuhi, adhuhuri na jioni, akaikata makarara yenye maua kwa kotama, kisu chake chenye wembamba wa ukucha, akashuka na vibuyu. Alifanya hivyo miaka ishirini na miwili, hata siku alipokanyaga hewa mahali alipodhani pana ngazi. Hospitali ilimrudishia mguu, lakini si ule wa kupandia.

Mtu aliyekatazwa kupanda hutafuta mti mfupi. Shemeji yake, dereva wa lori, alimletea vipandikizi vya mizabibu kutoka Dodoma, vimefungwa ndani ya gunia bichi, akamwambia kwamba huko watu hupata divai kwavyo. Kiponda akavipanda mistari kumi na miwili, sita chini ya Kigongo penye mchanga mwekundu, na sita juu, katika nyufa za mawe alizozipanua kwa mtaimbo. Mizabibu ikashika. Ikatambaa. Ikatandaza majani mapana kama viganja vya mtu mkarimu, na kwa miaka mitatu haikutoa hata zabibu moja.

Mwezi wa Agosti wa mwaka wa tatu, kaka yake Chengo, mkubwa wa mbari, alipanda Kigongo akifuatana na mwenye mashine za kuchimba mawe. Yule mgeni alipiga nyundo hapa na pale, akasikiliza, akaridhika. Alitaka kufungua timbo la matofali ya kujengea.

"Kaka," Kiponda alisema, "mizabibu yangu iko hapo."

"Naiona. Ina majani mazuri. Mbuzi wangu wameniuliza habari zake mara mbili."

"Ngoja basi izae."

"Mimi sikunyimi kitu, ndugu yangu. Kanuni unaijua. Kikao ni Jumamosi ya kwanza ya Machi, kabla ya masika, mvua ya mwaka. Njoo na kinywaji cha Kigongo, tukifungue, useme yako tukusikilize. Ukija mikono mitupu, mashine itaingia Jumatatu."

Chengo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye hakika, jambo ambalo kwa jirani zake halina tofauti kubwa.

Chini ya Kigongo, kwenye nyumba yenye kuta zilizojaa vitabu na mchwa kwa kiasi kinacholingana, aliishi Mwalimu Njoroge. Alikuja kutoka Nyandarua akiwa kijana kufundisha jiografia, akastaafu, akabaki. Alisoma kila kitu na kuamini sehemu ndogo. Kiponda alimwendea siku ya pili yake, akaketi kibarazani na kunyosha mguu wake mbovu.

"Sitaki kukuvunja moyo," Mwalimu alisema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuanza kuuvunja. "Lakini mzabibu ni mti wa nchi zenye majira. Chukua ramani. Nchi nyingi za divai ziko kati ya nyuzi thelathini na nyuzi hamsini, kaskazini na kusini. Huko kuna baridi. Baridi inaulaza mti, na ukiamka unaamka na hamu ya kuzaa. Sisi hapa tuko nyuzi tatu na nusu. Nani ataulaza?"

"Na Dodoma, Mwalimu? Dodoma si nyuzi sita tu?"

"Dodoma ni juu, bwana! Mita elfu moja na zaidi. Kila ukipanda mita mia, joto linapungua zaidi ya nusu digrii. Watu wa huko wanalala na blanketi. Kigongo chako ni mita mia na arobaini, nilipima mwenyewe. Hiyo haitoshi hata kukausha jasho."

"Na udongo?"

"Udongo unao. Hilo nakupa bure. Mawe ya chokaa, hayatuamishi maji, mizizi inateseka kidogo. Wenye divai wanasafiri mbali kutafuta jiwe kama hilo. Lakini udongo mzuri bila majira ni kitanda kizuri bila usingizi."

Kiponda alikuwa na desturi ya kusikiliza hadi mwisho, na Mwalimu, ambaye darasani hakuipata bahati hiyo mara nyingi, alimpenda kwa ajili hiyo.

"Hiyo baridi, Mwalimu, inaufanya nini mti? Hasa hasa."

"Unaacha kunywa. Unapukutisha majani. Unabaki fito."

"Basi?"

"Kwa ufupi, basi."

"Hayo naweza kuyafanya mimi."

Mwalimu alifungua kinywa kueleza kwa nini haiwezekani, akagundua kwamba hana la kueleza, akakifunga. Tukio hilo lilikuwa la nadra kiasi kwamba mkewe alichungulia dirishani.

Kosa la Kiponda, alilolitambua akirudi nyumbani, lilikuwa kosa la mgema. Mgema huuzuru mti wake mara tatu kwa siku, na yeye kwa miaka mitatu aliizuru mizabibu asubuhi, adhuhuri na jioni, kila mara na ndoo ya maji, kwa kuwa hakujua namna nyingine ya kuheshimu mti. Mizabibu ilishiba, na kiumbe aliyeshiba hana haraka ya kuacha mrithi. Na bado yeye mwenyewe alijua, tangu utotoni, kwamba mnazi uliogemwa ukachoka hupumzishwa, na kwamba karara halitoi uchi kwa kubembelezwa. Hufungwa, huinamishwa, hukatwa. Elimu hiyo alikuwa ameiacha juu ya mnazi siku aliyoanguka.

Akasimamisha maji. Mwezi wa Septemba majani yalianza kulegea. Mkewe Gladys, aliyekuwa amebeba nyingi za ndoo hizo kichwani, alisimama kando ya pipa lililojaa.

"Miti ina kiu, Baba Kambi."

"Najua."

"Na maji unayo."

"Najua."

"Basi miaka mitatu nilikuwa nikijipinda shingo kwa ajili ya nini?"

"Kwa ajili ya majani, mke wangu."

Gladys alimtazama kama mtu anayetafuta kitu cha kumpiga nacho, kisha akaenda zake. Lakini tangu siku hiyo, kila alipomwona mtu anakaribia pipa la Kigongoni alimfukuza, na aliyeuliza sababu aliambiwa kwamba miti imefunga.

Mwishoni mwa Oktoba, mawingu ya vuli yalipoanza kujikusanya upande wa bahari, Kiponda alipita mstari baada ya mstari akiyakwanyua majani yaliyobaki kwa mkono. Kisha akaichukua kotama yake, akainoa hadi ikakubali kunyoa nywele za mkono, akakata. Matawi marefu yote aliyatupa. Kwenye kila mkono wa mzabibu aliacha vijiti vifupi vyenye macho mawili mawili ya kuchipua, si zaidi. Kazi ilimchukua siku sita, na ilipokwisha Kigongo kilionekana kama makaburi ya watu wembamba.

Wapita njia waendao Ganze walisimama barabarani wakatoa rambirambi.

"Makiwa, Bwana Kiponda!"

"Tunayo," alijibu, kwa adabu inayostahili, bila kuinua uso.

Chengo naye alipita. Hakusema makiwa. Alisema tu kwamba mwenye mashine atafurahi, maana kazi ya kung'oa imepungua nusu.

Mvua ya kwanza ya vuli ilinyesha siku tatu baadaye, na Kiponda akaongeza maji ya pipa juu yake. Asubuhi ya nne alikuta kila kidonda kinadondosha maji meupe, tone kwa tone, kama karara lililokatwa vizuri. Alikinga tone kwa kidole akalilamba. Halikuwa na utamu wowote, lakini mtu aliyekaa miaka ishirini na miwili akisikiliza matone hawezi kukosea sauti ya mti ulioamka. Siku ya kumi na moja macho yalivimba, siku ya kumi na nne yakafunguka, na katikati ya majani machanga, mahali ambapo kwa miaka mitatu palikuwa na vikono vya kutambalia tu, palikuwa na vishada vidogo vya kijani, kila kimoja kadiri ya kiwavi.

Akaenda kumwita Mwalimu. Mwalimu alikuja na miwani miwili, ya kusomea na ya mbali, akaitumia yote.

"Haya ni maua," alisema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Machanga bado. Yanaweza kuanguka."

Hayakuanguka, au yaliyoanguka hayakuwa mengi. Vuli ilikatika mapema Desemba, na jua la kaskazi likachukua zamu. Vichala vikajaa, vikageuka kutoka kijani kuwa vyeusi vyenye ukungu, na Kigongo kikaanza kuwagawanya watoto wake. Mistari ya chini, iliyokaa katika mchanga mwekundu wenye kina, ilitoa zabibu kubwa za kupendeza macho. Mistari ya juu ilitoa zabibu ndogo, ngozi nene, vichala visivyojaza kiganja. Mgeni angechagua za chini. Kiponda alizionja za chini akaona ni maji yaliyofundishwa utamu. Alizionja za juu, na ulimi ukajikunja pembeni, kisha ukarudi kutafuta tena.

"Sasa kuna jambo lingine," Mwalimu alisema mwezi wa Februari. Alikuwa mtu ambaye siku zote alikuwa na jambo lingine. "Utamu utapanda tu, jua lipo. Lakini ukali ndio unaoipa divai uti wa mgongo, na joto la usiku linaula. Kwenye nchi za juu usiku ni baridi, ukali unabaki. Wewe hapa kila usiku unaibiwa. Ukingoja ziive kama vitabu vinavyosema, utavuna sharubati."

"Mbona basi za juu bado zina ukali?"

Mwalimu alitafakari. Upepo wa bahari ulikuwa ukipita juu ya Kigongo kama kila jioni, na chini penye mchanga jani halikutikisika. "Upepo, labda. Na mti hauna majani mengi, hauna maji mengi, unazaa kidogo kwa bidii. Jiwe linakufanyia sehemu ya kazi ya mlima. Nasema sehemu."

"Iliyobaki nitaifanya mimi. Uchi wa asubuhi na uchi wa adhuhuri si kitu kimoja, Mwalimu. Kuna saa."

Tangu siku hiyo, kila alfajiri, Kiponda alipita mistari na kuonja zabibu tatu kila mmoja, akaanza tena kesho yake. Siku ya kumi na tatu ya Februari alisimama kwenye mstari wa juu kabisa, akatafuna, akamwita Gladys kwa sauti iliyomfanya aje mbio akidhani ni nyoka.

"Leo," alisema. "Kesho itakuwa imepita."

Walivuna za juu kabla jua halijachoma, wakazitia kwenye mapakacha ya makuti, na za chini wakazivuna kando. Mwalimu alipewa kichala. Alitafuna punje moja, akaomba nyingine.

"Kitu hiki hakitakiwi kuwapo," alisema, akaendelea kula.

Waliziponda kwa mikono ndani ya mitungi miwili, mmoja wa zabibu za juu na mmoja wa za chini, wakaifunika kwa kitambaa. Hapo ndipo Kiponda alipoteseka. Kwa mgema, kinywaji kilichovuka siku ya pili kinaitwa siki, na hiki kilichemka chenyewe siku kumi na moja, kikitoa povu la zambarau na harufu ambayo kila asubuhi ilikuwa nyingine. Mara mbili alitaka kukichuja kabla ya wakati, na mara mbili Gladys alikalia kiti mbele ya mitungi. Siku ya kumi na mbili povu lilinyamaza. Wakachuja.

Jumamosi ya kwanza ya Machi mbari ilikusanyika Kigongoni, watu arobaini hivi, juu ya mawe kama walivyoweza kukaa. Mwenye mashine alisimama kando na viatu vyake vya mpira. Shangazi Zipporah, mzaliwa wa kwanza wa kizazi cha baba yao, aliketi kwenye kigoda katikati, kwa kuwa ndiye aliyepewa kumwaga tone la koma. Chengo aliuliza kwa sauti ya kisheria:

"Kigongo kina kinywaji?"

"Kinacho," Kiponda alisema, akaweka vibuyu viwili mbele ya shangazi.

Mnong'ono ulipita. Chengo akakaribia, akaondoa kizibo cha kimoja, akanusa, na uso wake ukabadilika kidogo. Kisha akaurudisha mahali pake.

"Divai hii," alisema. "Nzuri. Nami naijua inakotoka. Malindi, Shella ile, kila mlango una Mtaliano na kila Mtaliano ana kabati la chupa. Mtu anahitaji rafiki mmoja tu na kibuyu kitupu."

"Unamwita nduguyo mwongo mbele ya koma?" Shangazi Zipporah aliuliza.

"Namwita hodari, Shangazi."

Watu wakacheka. Gladys alipaza sauti kwamba makapi ya zabibu yako nyuma ya nyumba, debe tatu, aje ayapime. Chengo akajibu kwamba makapi nayo hununuliwa. Mwalimu Njoroge, aliyekuja kama jirani na hakuwa na haki ya kusema, alisema, akaambiwa anyamaze.

Kiponda hakubishana. Alikuwa akimtazama kaka yake kwa namna mgema anavyotazama karara kabla ya kuamua pa kukata.

Katika ujana wake Chengo naye alikuwa mgema, na ulimi wake ulikuwa na sifa kutoka Mnarani hadi milima ya Rabai. Alionja uchi akasema mnazi umesimama wapi: huu ulikunywa maji ya chumvi ya hori la bahari, huu ulikuwa bondeni, huu uko juu penye changarawe. Hakuna aliyewahi kumkuta amekosea, na yeye hakuwahi kukataa kuulizwa. Kwa mtu wa aina hiyo kukataa ni sawa na kukosea.

"Kaka," Kiponda alisema, "mimi nimeanguka, siwezi tena kusema habari za uchi mbele yako. Vibuyu ni viwili. Sitakwambia kipi ni kipi. Kabla ya kufungua kikao, Shangazi ammiminie kaka aonje, na kaka atuambie miti ilisimama wapi. Akisema Italia, mimi nashuka kilimani leo hii na mke wangu na mtaimbo wangu."

Chengo alimtazama shangazi, akawatazama vijana waliokuwa wamekua wakisikia hadithi za ulimi wake. Akanyosha mkono.

Shangazi alimimina kibuyu cha kwanza katika kata. Chengo alitia funda, akalishikilia mdomoni, akameza.

"Bonde," alisema mara moja. "Mchanga mwekundu, wa kina, mti umekunywa kupita kiasi. Utamu wa kijinga."

Akapewa cha pili. Alikitia mdomoni, na hakumeza upesi. Akafumba macho. Mbele ya watu arobaini, Chengo mwenye hakika alisahau kwamba kuna kesi. Alikuwa mgema tena, juu ya mti, peke yake.

"Huu umekaa juu ya jiwe," alisema taratibu. "Mizizi imepata taabu, imepenya. Kuna upepo hapa, upepo wenye chumvi, lakini bahari iko mbali. Jiwe la chokaa. Jiwe la hapa ha..."

Akafumbua macho.

Kama ulimi wa binadamu unaweza kweli kusoma jiwe kupitia tunda, wenye elimu bado wanabishana, na wengi wao wanasema hauwezi. Inawezekana Chengo alionja tu ukali, ngozi nene na taabu ya mti, na hayo mengine akayachukua kwenye kumbukumbu ya nyayo zake mwenyewe. Kwa mbari ya Mangi swali hilo halikuwa na maana. Neno lilikuwa limesemwa, kwa kinywa chake, mbele ya koma.

"Malizia, mwanangu," Shangazi Zipporah alisema.

Kati ya kupoteza kesi na kupoteza ulimi, Chengo alichagua kama mgema.

"La hapa hapa," alisema.

Vigelegele vya Gladys vilitangulia, vya wanawake wengine vikafuata, na Mwalimu Njoroge aliyekuwa amekatazwa kusema alionekana akipiga makofi juu ya kichwa chake. Shangazi aliinuka kwenye kigoda bila kusaidiwa. Alimwaga tone juu ya jiwe, na jiwe likalinywa papo hapo likaacha doa jeusi. Akataja majina ya waliotangulia, mmoja mmoja, hadi la baba yao. Akampa Kiponda kata. Kiponda akanywa funda la kufungulia kikao wima, uzito wote kwenye mguu mbovu, na watu wote wakiona.

"Kigongo kimesema," shangazi alitangaza. "Na anayekisemea ni Kiponda. Mwenye swali?"

Hapakuwa na swali. Mwenye mashine alikuwa amekwisha kufika barabarani.

Kata ilizunguka. Wazee walikunja nyuso kwa funda la kwanza, wakazikunjua kwa la pili, na kwa la tatu wakaanza kukosoana kuhusu namna ya kuelezea ladha, jambo ambalo, kwa kadiri vitabu vinavyosema, ndiyo dalili ya uhakika kwamba mahali pamekuwa nchi ya divai. Mwalimu Njoroge, aliyeweka nadhiri kanisani kwake ya kutokunywa pombe, alikataa kata lakini aliinusa kwa muda ambao mchungaji wake asingeuidhinisha.

"Mita mia na arobaini," aliwaambia waliokuwa karibu, kwa hasira ya mtu aliyeshindwa na kufurahi. "Mia na arobaini! Nilipima mwenyewe."

Kiponda aliketi juu ya jiwe lake. Chengo akaja akaketi kando yake, kaka na mdogo wake, wakiitazama mizabibu iliyokuwa imeanza tena kutandaza majani bila kujali lolote lililoamuliwa.

"Utainyima maji lini?" Chengo aliuliza hatimaye.

"Mvua ya mwaka ikikatika."

"Na kukata?"

"Baadaye. Nitakuita."

"Unikatie mstari mmoja nikuone. Ile mikono ya mizabibu yako ya chini umeiacha mirefu mno," Chengo alisema, akamnyoshea kata. "Tia hapa. Cha juu, si kile kingine."